Mtoto wa Kijijini na Mlango wa Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za vijana waliobebwa juujuu na wenzao katika viwanja vya shule za Kampala, Wakiso na Mukono. Ni picha za furaha, na hakuna sababu ya kuwaonea kijicho waliomo, maana wamefanya kazi ya kutosha. Lakini mbali na wapiga picha, katika nyumba za Zombo, Kaabong, Bundibugyo na Buvuma, wako vijana wengine waliofaulu mtihani uleule. Hao huipokea karatasi ya matokeo mikononi mwa mwalimu mkuu, wakaikunja, wakaitia mfukoni, wakarudi nyumbani kusaidia kupalilia. Baadhi yao hawataonekana katika chuo chochote. Nao hawakukataliwa na chuo; hawakuomba.

Jambo hili lazifahamu vyema nyumba za askari kuliko nyumba nyingi. Baba yuko kambini, au yuko Somalia ambako majeshi ya Uganda yamekuwako tangu Machi 2007. Mama yuko kijijini pamoja na watoto. Na mtoto anasoma katika shule iliyo karibu kwa sababu ndiyo iliyopo. Fedha hutumwa kwa simu mwisho wa mwezi. Maamuzi makubwa hungoja likizo ya baba. Lakini vyuo havingoji likizo ya mtu. Tangazo la kuomba nafasi hutoka, hukaa wiki chache, kisha hufungwa, na afande anaporudi nyumbani mwezi wa tisa hukuta binti yake ameketi jikoni, naye huuliza kwa mshangao mambo ambayo yalipasa kuulizwa mwezi wa tatu.

Zamani njia ilikuwa nyembamba sana, ila ilikuwa moja na iliyonyooka. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Ilipokua ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na hatimaye chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, mwanafunzi aliyepata nafasi aligharimiwa na Serikali: masomo, chakula, kitanda, hata fedha kidogo za mfukoni. Mtoto wa mkulima wa Kitgum na mtoto wa waziri walilala katika bweni moja. Waliokuwa wakiingia walikuwa wachache mno, lakini aliyeingia hakuuliza ni nani atakayemlipia.

Mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, hasa wa masomo ya jioni. Bila uamuzi huo chuo kingebaki kidogo, na maelfu ya watu waliohitimu baadaye wasingehitimu. Lakini uamuzi huo uliubadilisha mlango wenyewe. Tangu hapo swali halikuwa tena la alama tu; likawa la alama na mfuko. Na mfuko wa mwenyeji wa mjini, mwenye duka au mshahara wa mashirika, haukuwa sawa na mfuko wa mwenye mbuzi sita na shamba la muhogo.

Wakati huohuo msururu wa wanaoelekea mlangoni ulirefuka. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na kwa mwaka mmoja tu idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Mwaka 2007 ukafuata mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, na mwaka 2012 mpango huo ukaendelezwa hadi kidato cha tano na cha sita na vyuo vya ufundi. Mtu asidharau hatua hizo. Ziko kata ambazo kabla yake hazikuwa na mtoto hata mmoja wa kidato cha nne. Ila kumfikisha mtoto kidato cha sita katika shule isiyo na maabara, yenye mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa yote, ni jambo moja; kumfanya ashindane na mwenzake wa shule kubwa ya mjini ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo ilipo habari ya mwaka 2005, ambayo wazazi wengi wamepata kuisikia nusu nusu. Kila mwaka Serikali hutenga nafasi zipatazo 4,000 katika vyuo vikuu vya umma kwa wanafunzi itakaowalipia. Kuanzia mwaka wa masomo 2005/2006 nafasi hizo ziligawanywa kwa namna mpya. Kiasi cha 3,000 zilibaki kwa wenye alama za juu nchini kote. Zilizosalia 1,000 zilitengwa: 896 kwa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu, na 40 kwa wanamichezo hodari. Nia ya zile 896 ilikuwa njema na wazi, kwamba kila wilaya, hata iliyo maskini au iliyotoka vitani, iwe na vijana wake chuoni kila mwaka.

Lakini katika kipindi hichohicho Serikali iliamua pia kwamba sehemu kubwa ya nafasi zake, yapata asilimia 75, ziende kwa masomo ya sayansi, maana taifa lina haja ya waganga, wahandisi na wataalamu wa kilimo. Hakuna wa kubisha haja hiyo. Tatizo ni kwamba mikono hiyo miwili ilivuta kamba pande mbili. Mkono mmoja ulimwita mtoto wa kijijini kwa jina la wilaya yake; mkono wa pili ulimwambia aje na Fizikia, Kemia na Biolojia, masomo ambayo shule yake haina vyombo vya kuyafundishia. Mwanafunzi aliyesoma Historia, Uchumi na Jiografia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na walimu, alijikuta akigombea robo ya nafasi pamoja na wenziwe wa nchi nzima. Sera mbili nzuri zikikutana mahali pasipo na maabara, anayeumia ni yuleyule.

Yafaa mzazi aelewe jinsi alama zinavyohesabiwa, kwa sababu uamuzi wake mkubwa haufanywi baada ya matokeo bali miaka miwili kabla yake, mtoto anapochagua masomo ya kidato cha tano. Kwa kawaida daraja A lina pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2, na O pointi 1. Ili aingie chuo kikuu moja kwa moja, mwanafunzi lazima awe amefaulu walau masomo makuu mawili katika kikao kimoja cha mtihani, pamoja na kuwa na cheti cha kidato cha nne. Hicho ni kizingiti cha chini tu. Juu yake kuna mizani. Kwa utaratibu uliozoeleka Makerere, masomo yaliyo ya lazima kwa kozi inayoombwa huzidishwa mara 3, yanayohusiana nayo huzidishwa mara 2, na mengine huhesabiwa mara 1. Hivyo A ya Biolojia kwa anayeomba udaktari ni pointi 18, lakini C yake ni 12. Somo lilelile likiwa halihusiani sana na kozi inayoombwa, uzito wake hupungua, hata kama mwanafunzi alilipata vizuri.

Maana yake ni nini kwa mama aliye Nebbi au Kisoro? Ni kwamba kijana mwenye alama za wastani anaweza kukosa kozi moja na kuipata nyingine kwa alama zilezile, ikiwa ameijaza katika fomu. Vijana wa shule kubwa za mjini hulijua hilo, kwa kuwa wanao walimu wa kuwapa ushauri, nao hukaa na fomu jioni nzima wakipiga hesabu. Kijana wa shule ya pembezoni mara nyingi hujaza alichokisikia kwa watu: udaktari, uanasheria, uhandisi, na akikosa vyote vitatu hudhani amekosa chuo. Hakuna aliyemwambia kuwa kilimo, uuguzi, misitu, takwimu, au ualimu wa sayansi vingempokea. Fomu iliyojazwa vibaya imekwisha kuwarudisha nyumbani vijana wengi ambao mtihani haukuwashinda.

Zile nafasi za wilaya nazo zina mambo yake. Mwaka zilipoanza, wilaya za Uganda zilikuwa hazijafika idadi ya leo. Sasa ziko 135 bila kuuhesabu mji wa Kampala, na nafasi 896 zikigawanywa kwa wilaya hizo, wastani haufiki 7 kwa kila moja. Tena, tangu siku za mwanzo kumekuwa na lalamiko kwamba nafasi hizi huchukuliwa na watoto waliozaliwa na kusomea mjini katika shule za gharama, ambao wilaya wanayoiandika wameifikia siku za Krismasi tu, kumwamkia babu. Lalamiko hilo lina ukweli. Mtoto wa namna hiyo akishindana kwa jina la wilaya na mtoto aliyekuwa akisomea palepale kwa taa ya chemli, mashindano yamekwisha kabla hayajaanza.

Kwa familia za askari na polisi swali la wilaya ni gumu kwa namna nyingine. Mfano ni wa sajini ambaye asili yake ni Arua, mtoto wake alizaliwa katika kambi ya Gulu, akasoma shule ya msingi Nakasongola, na akamaliza kidato cha sita Mbarara. Je, wilaya yake ni ipi? Mtoto wa namna hii si wa mjini kwa maana ya wenye nacho, wala si wa kijijini kwa maana ya mwenye mwenyekiti wa kijiji anayemfahamu. Akienda Arua kutafuta barua, mwenyekiti humtazama kama mgeni. Ndiyo sababu yafaa askari aliye mbali asikate uzi wa nyumbani: ajulikane na viongozi wa kijiji chake, watoto wake waandikishwe huko, na karatasi zinazothibitisha asili yao zitafutwe wakati wa amani, si wiki ya mwisho ya kuomba.

Karatasi! Neno hili linaudhi, lakini ndilo linalowaangusha wengi. Mtoto ameitwa jina moja katika cheti cha darasa la saba, katika kidato cha nne limeongezwa jina la ubatizo, na katika kitambulisho cha taifa mwandishi ameandika herufi moja badala ya nyingine. Nyumbani hakuna anayeona tofauti, kwa kuwa wote wanamjua ni yeye. Ofisi haimjui, ofisi inajua herufi. Kurekebisha jina kunataka kiapo, ada na safari, na kunachukua siku ambazo hazipo tena matokeo yakishatoka. Mama mwenye watoto watatu shuleni angefanya vyema kuvitoa vyeti vyote sandukuni jioni moja, avilaze mezani kimoja kando ya kingine, na kusoma majina herufi kwa herufi. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi moja. Vyeti vyenyewe navyo vinataka mahali pakavu. Mchwa na mvua ya paa la nyasi vimekwisha kula elimu ya watu wengi.

Upande wa wasichana, mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea waombaji wa kike pointi 1.5, na idadi yao chuoni ikapanda. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo walionufaika zaidi walikuwa wasichana waliokwisha kufika kidato cha sita katika shule nzuri. Pointi moja na nusu haimsaidii aliyeachishwa shule kidato cha pili. Na pigo la karibuni wote wanalikumbuka: shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine nyingi duniani. Masomo ya redioni yalimfikia mwenye redio na betri. Wasichana wengi walirudi wakiwa na watoto mgongoni, au hawakurudi.

Mazungumzo yanayoamua maisha ya binti huwa mafupi. Baba yuko kazini, na mdogo wake ndiye amekuja kumwona mama wa nyumba.

“Shemeji,” husema, “huyu binti amesoma kiasi cha kutosha. Kaka hana mti wa kuchuma fedha. Tuwaangalie wavulana.”

“Baba mdogo wa watoto,” hujibu mama akiwa angali akipeta mtama, “kaka yako alisema nini mwenyewe?”

“Kaka yuko mbali. Mimi ndiye niliye hapa.”

Yeye ndiye aliye hapo, na hapo ndipo penye hatari. Askari anayetuma fedha bila kutuma neno amemwachia mwingine neno hilo. Ziko nyumba ambapo baba, kabla ya kuondoka, aliwaita mke, ndugu na watoto, akatamka mbele ya wote kwamba atakayefaulu, awe wa kike au wa kiume, atasoma hadi mwisho wa uwezo wake. Tamko kama hilo, likiwa na mashahidi, lina nguvu kuliko fedha za miezi mitatu. Shemeji hawezi kulipindua, na binti mwenyewe husoma akijua kuna mlango.

Fedha nazo zisemwe. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na mikopo ya kwanza ikatolewa katika mwaka wa masomo 2014/2015 kwa wanafunzi waliozidi kidogo elfu moja. Ililenga zaidi kozi za sayansi, na baadaye stashahada zikaongezwa. Mkopo hulipia ada ya masomo, michango ya lazima ya chuo, na gharama za utafiti. Wenye ulemavu husaidiwa pia kwa vifaa vyao. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa nyumba nyingi huu ndio msaada mkubwa uliopatikana tangu Serikali ilipoacha kuwalipia wote.

Kuna mambo mawili ambayo wazazi huyagundua wakiwa wamechelewa. La kwanza, mkopo huombwa na aliyekwisha kupata nafasi chuoni. Asiyeomba chuo hana cha kuombea mkopo. La pili, mkopo haulipi chakula wala kitanda. Na kwa mtoto anayetoka mbali, chakula na kitanda mara nyingi ndivyo vinavyomrudisha. Ada ikilipwa na chumba kikikosa mlipaji, mwanafunzi hulala kwa jamaa, kisha jamaa huchoka. Hula mara moja kwa siku. Hukosa vipindi akibeba matofali mjini. Yule wa mjini hulala kwao na kula kwao, na ada ileile kwake ni nusu ya mzigo. Hesabu ya mzazi wa kijijini ianze na chakula na malazi, ndipo aende kwenye ada.

Vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi, vimewasomesha watoto wengi. Lakini kuna tofauti kati ya anayeweka kidogokidogo tangu mtoto akiwa kidato cha kwanza, na anayekimbilia kukopa siku barua ya chuo inapofika. Wa pili hulipa riba kwa haraka yake. Tena wapo wanaorudi kutoka Somalia na fedha za kutosha, wakaanza na nyumba ya mabati ya rangi, halafu pikipiki, halafu nyumba ya pili ya kupangisha mjini, na karo ya chuo ikaja kuombewa mchango wa ukoo. Nyumba si kosa. Ng'ombe wawili wa maziwa waliotengwa kwa jina la mtoto, wasiuzwe kwa msiba wala kwa harusi, wangemaliza jambo hilo kwa utulivu zaidi.

Si halali kuzungumza kana kwamba chuo ni Kampala tu. Yule aliyesema hivyo miaka ya 1970 alikuwa na haki, leo hana. Mbarara ilipata chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 1989, nacho tangu mwanzo kimewapeleka wanafunzi wake wa udaktari kuishi na kujifunza katika jamii za vijijini. Gulu ilipata chuo kikuu mwaka 2002, vita vikiwa bado havijatulia na watu wakiwa wangali kambini. Busitema ilifunguliwa mashariki mwaka 2007, Muni huko Arua mwaka 2013, na baadaye Lira, Kabale na Soroti. Mtoto wa Maracha ambaye angesafiri karibu kilomita 500 kwenda Kampala anaweza kusomea Muni na kurudi kwao mwisho wa juma kuchukua unga. Unga huo ni sehemu ya elimu ya juu, ingawa hauandikwi katika sera yoyote. Ajabu ni kwamba bado wako wazazi wanaoona aibu mtoto akisomea karibu, wakidhani shahada ya mbali ina uzito zaidi.

Ngazi moja iliyowapandisha watoto wa vijijini kwa miongo mingi imeondolewa, na habari hiyo haijafika kila kijiji. Ilikuwa hivi: kijana humaliza kidato cha nne, huingia chuo cha ualimu wa shule za msingi, hukaa miaka miwili kwa gharama ndogo, hutoka na cheti cha daraja la tatu, huajiriwa, kisha hujiendeleza polepole kwa stashahada na shahada akiwa kazini. Wakuu wa shule, maafisa wa elimu, hata wabunge kadhaa walipita hapo. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliamua kwamba shahada iwe kiwango cha chini cha mwalimu, na vyeti vile vya zamani vikaanza kuondolewa. Kwa ubora wa mafundisho uamuzi huo unaeleweka; mtoto wa darasa la pili anastahili mwalimu aliyesoma sawasawa. Lakini aliyezoea kumwambia bintiye, “Ukishindwa kuendelea, utaingia ualimu,” hana budi kubadili maneno, kwa sababu sasa ualimu wenyewe unataka mtoto aendelee. Kwa asiyeweza kufika kidato cha sita, njia ya cheti imebaki wazi zaidi katika vyuo vya ufundi, kilimo na afya, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada kwa njia hiyo. Safari yake ni ndefu kidogo, lakini katika kila kituo anapata kazi ya kumlisha.

Na si watoto peke yao. Askari au polisi aliyekatizwa masomo akiwa kijana, akiwa ametimiza umri wa miaka 25, anaweza kuomba kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu wa watu wazima, bila kudaiwa masomo makuu mawili ya kidato cha sita. Wako makoplo walioingia kwa njia hiyo, wakasoma kwa likizo na kwa jioni. Katika nyumba ambayo baba anasoma kwa taa ileile na mwanawe, hoja ya shemeji haipati pa kukaa.

Wakati wa kuanza ni sasa, mtoto angali kidato cha tatu. Mama aende shuleni siku ya wazazi amwulize mwalimu mkuu maswali matatu: ni masomo gani ya sayansi yana mwalimu wake kamili, wanafunzi wangapi wa mwaka uliopita waliomba chuo, na nani huwasaidia kujaza fomu. Mwalimu mkuu akijibu kwamba hakuna wa kusaidia, basi atafutwe kijana wa kijiji hicho aliye chuoni, aletwe likizo, aketi na watahiniwa wa kidato cha sita chini ya mwembe na simu yenye intaneti, maana maombi mengi siku hizi hupitia huko. Atalishwa kuku, atapewa nauli ya kurudia. Kwa gombolola nzima hiyo si gharama.